Stoo ya Mafagio

Tuliondoa mafagio, ndoo, galoni ya dawa ya choo.
Haikaeli akapigilia rafu, akaliweka sanduku jeusi
lisilozidi nusu ya kreti ya soda:
diski nne ndani, taa nne za kijani,
kebo ya buluu ikapita juu ya mlango hadi kwenye meza zetu.
"Seva hiyo," alisema.
Mama Ndetaulwa wa usafi akaguna:
"Kumbe ndiye mpangaji aliyenitolea ndoo zangu koridoni."

Kabla ya hapo kila mtu alikuwa na ghala lake.
Ofisi ya upimaji, ghorofa ya pili, hapa Moshi mjini,
kompyuta sita, na ramani moja ya shamba moja
iliyoitwa kwa Kisamo "mwisho",
kwa Elirehema "mwisho kabisa",
kwangu "mwisho kabisa hii ndiyo usifute".
Tulibebeana kazi kwa flashi,
na flashi ilipotumbukia kwenye chai ya Kisamo
tulirudi Kibosho na vyombo vyetu, kwenye matope,
kupima tulichokwisha kupima.

Sasa folda ni moja. Unafungua Uru, unakuta Uru.
Mwenye ruhusa anaandika, asiye nayo anasoma tu,
kama mgeni kihambani: mkungu anauona, panga hapewi.
Umeme ukikatika, betri inalia kama kifaranga
na sanduku linajifunga lenyewe, taratibu,
mtu mzima anayevua viatu kabla ya kulala.

Mwezi wa tatu taa moja ikawa nyekundu.
Haikaeli alikuja kutoka Arusha
na diski mpya ameiviringisha ndani ya sweta.
Akaichomoa iliyokufa, wala hakuzima kitu.
"Mzigo wake wenzake walishaubeba," alisema,
na usiku kucha zile tatu
zikamsimulia mgeni yote zinayoyajua.

Ndipo wakaja Ndesario na mdogo wake Ombeni,
wakakaa benchi moja, katikati wakaacha nafasi ya mtu wa tatu.
Mpaka. Mita tatu. Miaka minane hawazikani.
Nikasema kwa majivuno: "Seva inayo."
Nikafungua. Ramani ikampa Ndesario.
Ombeni hakupiga kelele. Alisema tu,
"Baba alipanda masale hapa, si pale."

Walipoondoka nikakumbuka somo la Haikaeli:
bonyeza kulia, chagua matoleo ya nyuma.
Nikarudi nyuma kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Toleo la kwanza: mstari umefuata masale.
La pili: umefuata masale.
La tatu, Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mstari umehama,
na pembeni jina la aliyeandika.
Jina langu.

Sikuhongwa. Ningehongwa ningekuwa na la kueleza.
Mtoto alikuwa na homa, nilitaka kuondoka,
palipoandikwa nne nikaandika saba.
Hakuna aliyekagua, nami sikuwahi kuangalia tena.

Nilisimama stooni mlango umefungwa.
Faili ningeweza kulifuta,
lakini sanduku hujipigia picha zake usiku,
na ufunguo wa picha hizo anao Haikaeli peke yake.
Sitasema kama hilo ndilo lililoniamulia.
Feni ilizunguka. Palinuka dawa ya choo bado.

Jumamosi nikapanda Kibosho,
karatasi mbili ndani ya bahasha,
na jani la sale nililolikata uani kwa mama,
nimelishika mbele yangu kama walishikavyo wakosaji.
Ndesario alilitazama, hakulipokea upesi.
Ombeni akauliza kama nimekunywa chai.
Nyuma ya migomba mstari wa masale ulikuwa palepale,
mrefu kuliko sisi sote.
Haukuwahi kuisoma ramani yangu.